Kunywa Mpaka Ushibe

Jumamosi ile Jamaldini alikwenda kazini kufungua koki, akaikuta imekwisha kufunguliwa.

Aliingia kwa mlango wa nyuma baada ya adhuhuri, saa ambayo upepo wa Dodoma huinua vumbi jekundu na kulirundika kwenye vizingiti vya ofisi zilizofungwa. Jengo lile la ghorofa tatu halikuwa na mtu isipokuwa mzee Charles, mlinzi, aliyejibanza kwenye kivuli cha ukuta wa getini. Jamaldini alifuata ukumbi wa chini mpaka mwisho, penye choo ambacho hakikutumika tangu mabomba yake ya maji machafu yalipopasuka miaka mitano nyuma. Ufunguo wa mlango ule ulikuwa mmoja tu, na alikuwa nao yeye. Kabla hajauingiza kwenye kitasa, alisikia maji.

Koki ya ukutani ilikuwa wazi kabisa. Maji yalishuka kwa unene wa kidole gumba na kuingia kwenye tundu la sakafuni, lakini hayakurusha hata tone. Sakafu ilikuwa kavu mpaka ukingoni mwa tundu, vumbi lake halijaguswa, na kutoka chini mle ilikuja sauti ambayo maji peke yake hayaitoi: gudu, gudu, gudu, kisha kimya kifupi kama cha mtu anayevuta pumzi, kisha gudu, gudu tena.

Jamaldini alisimama na spana mkononi. Ni yeye aliyeifunga koki ile Jumatatu alfajiri, akaikaza kwa nguvu zake zote. Ilimpasa aogope. Badala yake alifurahi, maana kazi aliyoijia ilikuwa imeshafanywa, na mtu mwenye wivu hana muda wa kuuliza nani amemsaidia. Akaufunga mlango, akaenda zake.

Kazi aliyoijia ilikuwa kumharibia mkewe.

Mwaka ule wa tisini na nne mvua ziliigomea nyanda za kati. Bwawa la Mtera lilishuka hata wavuvi wakawa wanatembea kwa miguu mahali walipozoea kutupa nyavu, na nchi nzima ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Ndipo ukaja waraka: kila jengo la serikali lipunguze matumizi ya umeme na maji, kila ofisi iteue mratibu, na baada ya miezi mitatu wakaguzi watakuja kusoma mita. Ulikuja wakati ambao watu hawakuwa na raha, kwa kuwa waraka mwingine, ule wa kupunguza wafanyakazi, ulishatangulia. Kila mtu alikuwa akitafuta jambo la kumfanya aonekane ana faida.

Jamaldini alikuwa fundi wa jengo kwa miaka kumi na sita, mabomba na umeme vyote vyake. Hakuna aliyelijua jengo lile kama yeye. Alijua kwamba boya la tangi la juu lilikuwa limekufa na maji yalimwagika paani mpaka asubuhi. Alijua taa za chumba cha mafaili huwaka siku saba kwa wiki bila mtu kusoma hata karatasi moja. Yote haya aliyasema nyumbani kwake Majengo, kila jioni, juu ya mkeka, tonge mkononi, na mkewe Salwa alimsikiliza.

Salwa alikuwa mpiga chapa katika ofisi hiyo hiyo. Siku moja aliyaandika yale aliyoyasikia, kurasa mbili safi, akampelekea Bwana Batholomeo, ofisa utawala. Wiki iliyofuata Bwana Batholomeo aliwaita wafanyakazi wote ukumbini, akatangaza kwamba mratibu wa kubana matumizi ni Bi Salwa, mwanamke mwenye macho na akili.

Jamaldini alipiga makofi pamoja na wenzake. Lakini kuna kitu kilimshuka kooni kama mfupa wa samaki, na hakikutoka.

"Baba Yusra," Salwa alimwambia jioni ile, "nakala ya ile barua iko kwenye mkoba wangu. Isome uone."

"Ya nini? Maneno yake nayajua. Ni yangu."

"Ndiyo maana nataka uisome."

"Nimechoka, mama Yusra. Labda kesho."

Kesho haikufika. Tangu siku ile Salwa akawa na daftari lenye jalada la kijani, na kila Ijumaa kabla ya kutoka na kila Jumatatu alipoingia, aliinama kwenye mita ya maji na ya umeme, akaandika. Alimwomba mumewe kwa adabu, "fundi" mbele za watu na "baba Yusra" wakiwa wawili, abadilishe boya, atie vipira vipya kwenye koki, afungue balbu moja kati ya mbili ukumbini. Jamaldini alifanya. Kila alichokitengeneza kiliingia kwenye daftari la kijani kuwa ushindi wa Salwa.

"Mbukwa, fundi," mzee Charles alimsalimu kwa Kigogo siku moja getini, akamtania. "Nasikia siku hizi maagizo unayapokea nyumbani, na kazini pia unayapokea."

Jamaldini alicheka. Jioni hiyo hakula.

Ijumaa iliyofuata, wenzake walipokwisha kuondoka, alirudi ndani peke yake. Kuta za ukumbi zilikuwa zimegeuka rangi ya shaba na adhana ya magharibi ilikuwa ikisomwa. Alifungua kile choo cha chini, akaizungusha koki kwa spana mpaka mwisho. Hakusema bismillahi. Aliyatazama maji yakiingia kwenye tundu jeusi, katika mwaka ambao watu wa Gulwe walikuwa wakichimba mchanga wa mtoni kutafuta ndoo moja, na uchungu wote wa wiki tatu ukamjaa mdomoni.

"Kunywa," aliliambia tundu. "Kunywa mpaka ushibe."

Alisema tu, kama mtu anavyomsemesha paka. Jumatatu alfajiri aliwahi kuifunga, na Salwa alipoisoma mita akakuta jengo tupu limekunywa maji ya siku kumi. Wiki ya pili alifanya vile vile. Wiki ya tatu ndiyo ile aliyoikuta koki imemtangulia.

Jumatatu hiyo aliifunga alfajiri kama kawaida, na mita ilikuwa imekimbia mara mbili ya Jumatatu iliyotangulia. Bwana Batholomeo alimwita Salwa mbele ya makarani wote.

"Bi Salwa, wakaguzi wakija nitawaonyesha nini? Tulipokuwa tunamwaga ovyo tulitumia kidogo kuliko sasa tunapobana."

"Nimekagua kila koki, bwana mkubwa. Sijui maji yanakwenda wapi."

"Basi pengine tulimpa kazi asiyeiweza," akasema, akageuka.

Jamaldini alikuwa juu ya ngazi, akijifanya anakaza balbu. Alimwona mkewe akibana midomo ili isitetemeke. Utamu ulimpita mwilini, ukafuatwa na aibu ndogo, na aibu ile akaikanyaga. Hata hivyo aliamua inatosha. Hataifungua tena.

Jumatano, saa tisa alasiri, mtaa wote ulikuwa kwenye mgawo. Mashine zilikuwa kimya, makarani wamesogeza meza madirishani. Jamaldini alikuwa akipita ukumbi wa chini, wenye giza kama handaki, alipoona mstari wa mwanga chini ya mlango wa kile choo.

Alikwenda kwanza kwenye swichi kuu. Hapakuwa na umeme. Balbu ya choo kile aliifungua kwa mkono wake mwenyewe mwezi uliopita kwa agizo la Salwa, na ilikuwa kwenye droo yake. Akarudi. Mwanga ulikuwepo, mweupe, umetulia, na pamoja nao harufu iliyotokea chini ya mlango ikampanda puani: harufu ya ardhi kavu inapopigwa na mvua ya kwanza. Kwa mtu wa Dodoma hakuna harufu nzuri kuliko ile. Lakini ilikuwa Septemba, mbinguni hapakuwa na wingu, na ilinuka ndani ya nyumba.

Alipofungua mlango mwanga haukuwa na taa. Ulining'inia pale ambapo balbu ingekuwa, na chini yake koki ilikuwa wazi, na tundu lilikuwa likimeza, gudu, gudu, na lilipomsikia likanyamaza, maji yakaendelea kushuka bila sauti yoyote, na kutoka tunduni mtu akasema kwa upole, kwa sauti ambayo Jamaldini aliijua kabla hajaelewa ni ya nani, kwa maana ilikuwa sauti yake mwenyewe, "Sijashiba."

Miguu ilikataa kukimbia. Mkono ndio uliokwenda, ukaikamata koki, ukaizungusha, ukaikaza mpaka ngozi ya kiganja ikachanika. Maji yakakatika. Mwanga ukazimika.

"Umenialika," ile sauti ikasema gizani, "halafu unaniondolea chakula. Basi nitakwenda kunywa kule unakotazama."

Jamaldini hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Alijiambia kwamba koki imefungwa na jambo limekwisha. Na kweli, Jumatatu iliyofuata mita haikuwa imesogea hata kidogo. Salwa aliirudia kusoma mara tatu, akakimbilia ofisini kwa Bwana Batholomeo, na ofisa yule akatoka naye mpaka ukumbini amemshika bega. "Niliwaambia," akawatangazia watu. "Huyu mama ataokoa ofisi hii."

Kile kitu kikapanda tena kooni mwa Jamaldini. Miaka kumi na sita, na hakuna aliyewahi kumshika yeye bega.

Jioni ile Salwa alikunywa kata mbili za maji kabla ya kula, na tatu baada ya kula.

"Leo nina kiu," akasema, akacheka kidogo. "Nadhani ni furaha."

Siku ya tatu alikuwa akinywa ndoo. Mtungi uliojazwa asubuhi ulikuwa mtupu ifikapo saa sita, na hakuna aliyeuona ukivuja. Midomo yake ilipasuka, kisha ulimi ukapasuka. Hakwenda haja ndogo, hakutoa jasho. Ngozi ya mikono yake ikafanya miraba midogo midogo, kama tope la bwawa lililokauka. Na ndani ya nyumba, kila magharibi, ikaja harufu ile ya mvua, ikitokea mahali alipolala. Yusra, binti yao wa miaka saba, aliipenda. "Mama ananuka mvua," akasema, na baba yake akamwondoa pale kwa ukali ambao mtoto hakuuelewa.

Salwa aliendelea kwenda kazini akijikokota, kwa kuwa mita zilikuwa zinashuka na wakaguzi walikuwa njiani. Alisifiwa Jumatatu, akasifiwa Alhamisi. Na hapo Jamaldini, aliyekuwa akimtazama kwa macho mawili, moja la huruma na moja la kijicho, akaanza kuona jambo ambalo hakutaka kuliona. Kila mkewe aliposifiwa, na yeye akasikia ule mchomo, Salwa alishika koo.

Mchana wa Ijumaa alianguka kwenye mashine yake ya chapa. Hospitali walimpima sukari, hawakuiona. Daktari akaagiza atundikiwe dripu. Chupa iliisha kabla muuguzi hajafika mlangoni. Akaitazama mirija, akatazama shuka, akatafuta pa kuvuja, hapakuwa na unyevu. Akatundika ya pili, na Jamaldini, aliyekaa kwenye ubao pembeni ya kitanda, aliyaona maji yakishuka kwa mkupuo, si matone tena, na akasikia, hafifu, kutoka ndani ya mkono mkavu wa mkewe, gudu, gudu, gudu.

Alimbeba mwenyewe mpaka nje, akakodi pikapu, akaenda naye Ipagala.

Bibi Mwanasha wa Ipagala alikuwa mjane wa makamo, mwenye mizabibu nyuma ya nyumba na watu wachache waliojua kwamba anatibu kwa kisomo na kombe. Alikuwa akifunga matawi kwa kamba ya katani walipofika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mwingize ndani. Mtoto mmemwacha wapi?"

"Kwa jirani."

"Vizuri."

Hakuuliza mengi. Aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa maji na marashi, akayamimina maji hayo ya kombe kwenye bilauri, akampa Salwa. Salwa aliinua bilauri kwa mikono miwili. Kabla haijagusa mdomo, maji yalianza kushuka ndani yake, taratibu, kama yanayofyonzwa kwa chini, yakaisha, ikabaki rangi ya manjano kwenye kioo.

Bibi Mwanasha aliipokea bilauri ile, akaipindua chini juu.

"Jini aliyekuja mwenyewe, mimi namtoa," akasema. "Huyu ameitwa. Aliyeitwa kwa mdomo hutolewa na mdomo uleule. Nani alimkaribisha?"

Jamaldini alitazama sakafu. "Kazini kuna watu, bibi. Wanamwonea wivu. Huenda mmoja wao."

Hapo mdomo wa Salwa ukafunguka. Midomo yake haikusogea, ulimi wake uliopasuka haukusogea, lakini sauti ya kiume ikatoka, nzito, ya mtu aliyechoka mwisho wa wiki, na chumba kizima kikanuka mvua.

"Kunywa," ikasema. "Kunywa mpaka ushibe."

Salwa aligeuza macho akamtazama mumewe. Aliijua sauti ile kwa miaka kumi.

Jamaldini akapiga magoti. Alisema yote, tangu makofi ya ukumbini mpaka spana, hakuficha hata Jumatatu moja. Alipomaliza walisikika kuku wakichakura chini ya mizabibu.

"Hukuisoma ile barua," Salwa akasema. Sauti ilimtoka kama karatasi inayokunjwa.

"Sikuisoma."

"Jina lako liko mstari wa kwanza. Niliandika kazi apewe fundi, mimi nimwandikie hesabu za mita tu. Bwana Batholomeo ndiye aliyesema fundi hawezi kusimama mbele ya wakaguzi." Akapumzika. "Sikutaka kukwambia kwa mdomo. Niliona utaumia."

Jamaldini alitamani mkewe amtukane, ampige, afanye lolote. Salwa alifumba macho tu.

"Bibi, nifanye nini?"

"Nenda kamtoe mgeni wako kabla jua halijazama. Mwondolee mwaliko, ziba pale alipoingilia. Utamkuta ana sauti yako, usishangae, hana nyingine."

"Na huu wivu? Nipe dawa yake pia."

"Sina," akasema Bibi Mwanasha. "Jini nina kombe lake. Wivu hauna kombe. Huo utakaa nao mwenyewe."

Jamaldini aliazima baiskeli, akarudi ofisini. Alipofika jua lilikuwa limeegemea paa la jengo. Mzee Charles akamfungulia geti, akauona uso wake, akaacha utani.

"Fundi, huko chini kuna mtu," akanong'ona. "Tangu alasiri nasikia unaongea, nikajua umeingia wewe. Sasa nakuona unaingia kutoka nje."

"Kaa hapa hapa, mzee. Ukinisikia nakuita, usije."

Ukumbi ulikuwa na rangi ile ile ya shaba. Mlango wa choo ulikuwa wazi. Jamaldini alisema bismillahi kwa sauti, akaingia na spana, plagi ya chuma, na ndoo ya saruji aliyoikoroga stoo.

"Umekuja kunifungulia," sauti ikasema tunduni.

"Nimekuja kukutoa. Nilikukaribisha kwa chuki, naondoa mwaliko. Huna mwenyeji hapa."

"Ninaye. Wakaguzi wanakuja, Jamaldini. Watampa hati. Watampiga picha. Wewe utashika ngazi. Niache nimmalize, ni kidogo tu kimebaki."

Na jambo lililomtisha kuliko sauti, kuliko harufu iliyokuwa nzito sasa hata ikamkaba, ni kwamba moyo wake ulitulia kidogo kuyasikia maneno yale, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa vizuri. Akalia, akaing'oa koki ukutani, akaiweka plagi kwenye mdomo wa bomba na kuanza kuizungusha, na kutoka ndani ya bomba kitu kikaishika kwa upande wa pili kikaizungusha kinyume, kwa nguvu sawasawa na zake, si zaidi wala si pungufu, naye akakaza na chenyewe kikalegeza, akakaza tena huku akisema kwa sauti yale ambayo hakuwahi kuyasema, kwamba Salwa ana akili kuliko yeye, kwamba aliandika jina lake mstari wa kwanza, kwamba kazi ile aliistahili, na kila neno lililotoka mdomoni lilimchoma kama kaa la moto lakini plagi ikaingia uzi mmoja, kisha uzi mwingine, mpaka ikakwama.

Ndipo tundu likatapika. Maji yote yaliyonywewa yalirudi, ya uvuguvugu kama mkojo, yakampanda mpaka magotini, yakatoka mlangoni na kuufuata ukumbi hadi getini, ambako mzee Charles alipanda juu ya kiti akiwaita wazee wake kwa Kigogo. Kisha yakakoma. Jamaldini akamimina saruji tunduni, akasimama juu ya ubao alioulaza pale mpaka adhana ilipokwisha.

Ipagala alimkuta Salwa amekaa. Kipande cha shuka alichojifunika kilikuwa kimelowa jasho. Alipomwona mumewe mlangoni, machozi yakamtoka, mengi, yakateremka kwenye ile mistari ya mashavu yake. Jamaldini alikwenda kumshika mkono.

"Usiniguse," Salwa akasema. "Nalia kwa sababu sasa naweza kulia."

Salwa alikwenda kukaa kwa mama yake majuma sita, akamchukua na Yusra. Jamaldini alimwambia Bwana Batholomeo habari ya koki, ya jini hakuitaja, na jina lake likaingia kwenye orodha ya waliopunguzwa. Hakulalamika. Miaka ile kila aliyepunguzwa alifungua kitu, na yeye akafungua banda la kutengeneza pampu karibu na soko. Jioni alikwenda kwa mama mkwe, akabisha hodi, akakaa barazani akizungumza na Yusra mpaka apewe ruhusa ya kuondoka. Juma la saba Salwa alirudi. Hakusema amesamehe. Alisema, "Nimerudi, na daftari langu nimerudi nalo."

Wakaguzi walikuja Desemba. Jengo lile lilikuwa limepunguza maji kwa theluthi na umeme kwa robo, na baada ya ukaguzi palikuwa na chai na sambusa ukumbini. Wenza wa wafanyakazi walialikwa. Jamaldini alikaa kiti cha nyuma, kanzu imepigwa pasi. Mkaguzi mkuu alimpa Salwa hati, akamwomba aseme mawili matatu. Salwa alisimama, akashukuru, akaanza kueleza jinsi boya bovu linavyoweza kumwaga tangi zima. Alieleza vizuri. Watu waliinamisha vichwa kumsikiliza, na Bwana Batholomeo akatabasamu kama baba wa bibi harusi.

Mchomo ulikuja. Mdogo, wa haraka, mahali pale pale.

Salwa alinyamaza katikati ya sentensi. Akaweka mkono kooni.

"Samahani," akasema. "Naomba maji."

Walimletea bilauri. Jamaldini alikuwa ameshasimama. Hakujua alisimama saa ngapi. Watu wakageuka. Akasema, kwa sauti iliyofika mbele, kwamba yeye ni mume wa mama yule, kwamba alikuwa fundi hapa miaka kumi na sita na hakuna hata siku moja aliyofikiria kuandika alichokijua, na kwamba aliyewafundisha watu wa jengo hili kufunga koki ni Bi Salwa, si mwingine. Baadhi walipiga makofi. Baadhi walicheka kidogo, wakidhani ni mapenzi.

Yeye hakuwa akiwatazama. Alikuwa akitazama bilauri mkononi mwa mkewe. Salwa alikunywa mafunda mawili, akaishusha, akaiweka mezani mbele ya watu wote, na wote wawili, yeye kutoka mbele na Jamaldini kutoka nyuma, wakasimama wakiyaangalia maji yaliyobaki, kuona kama yatakaa.